Je, Tukae Nyumbani kwa Sababu Madhehebu Yanapingana?

SWALI: Ndugu mhariri, nililelewa katika kanisa linalobatiza watoto wachanga, na mke wangu katika kanisa linalobatiza watu wazima tu, tena kwa kuzamishwa majini. Kwetu husemwa kwamba kwao wamepotoka, na kwao husemwa kwamba ubatizo wangu si ubatizo. Tumechoka na mabishano hayo, na siku hizi kila Jumapili tunasoma Biblia nyumbani, sisi wawili tu. Je, tunakosea?

JIBU: Ndugu msomaji, uchovu wenu unaeleweka, na kusoma Biblia pamoja nyumbani ni jambo jema ambalo nisingependa mliache. Hata hivyo, naamini mnapaswa kurudi kanisani, na sababu yangu kubwa ni kwamba agizo la kutoacha kukusanyika, lililomo katika Waebrania 10:25, halikuandikwa kwa ajili ya waumini wanaopatana katika kila jambo.

Litazameni kanisa la Korintho. Baadhi yao walisema wao ni wa Paulo, wengine wa Apolo, wengine wa Kefa, na hata walipokusanyika kwa chakula cha Bwana, huyu alibaki na njaa huku yule akilewa. Paulo aliwakemea vikali, akafika hadi kuwaambia kwamba wanakusanyika kwa hasara wala si kwa faida. Lakini katika barua hiyohiyo hakuwaambia kila mmoja abaki kwake, bali aliwaagiza kwamba wakutanikapo wangojane. Dawa aliyowapa ilikuwa ni kukutanika vizuri zaidi.

Sisemi kwamba tofauti za madhehebu ni ndogo. Mwaka 1529, huko Marburg, Ujerumani, Luther na Zwingli, viongozi wawili wa Waprotestanti wa mwanzo, walipatana katika hoja 14 kati ya 15, wakakwama katika sehemu ya ile ya mwisho, kuhusu namna Kristo alivyomo katika mkate na divai. Inasimuliwa kwamba Luther aliandika kwa chaki juu ya meza maneno ya Kristo, "Huu ndio mwili wangu," akakataa kabisa kuyaachia. Watu hao hawakubishania upuuzi. Lakini pia mwaka 1999, huko Augsburg, Walutheri na Wakatoliki walitia sahihi tamko la pamoja kuhusu kuhesabiwa haki, yaani jinsi mwenye dhambi anavyokubaliwa na Mungu, fundisho lilelile lililokuwa kiini cha mgawanyiko wa Wakatoliki na Waprotestanti wa karne ya 16. Mazungumzo yaliyozaa tamko hilo yaliendeshwa na watu waliodumu makanisani mwao.

Tena ninyi wenyewe hamkubaliani kuhusu ubatizo, na bado mnasali pamoja chumba kimoja. Mkiweza hilo nyumbani, mnaweza kuketi katika ibada ambamo mmoja wenu hatakubaliana na kila neno. Na yapo mambo ambayo watu wawili hawawezi kujipa: kuonywa na mtu asiye wa nyumba yenu, kuombewa na wazee wa kanisa mnapougua kama Yakobo anavyoagiza, kubeba mzigo wa mtu ambaye hamkumchagua.

Nendeni basi pamoja, kwao na kwenu, kabla ya kuamua mtakapotulia. Sikilizeni kama Kristo aliyekufa na kufufuka ndiye anayehubiriwa, na kama kiongozi anakubali kuulizwa maswali kwa Maandiko. Penye kiongozi anayejiweka juu ya Maandiko, au anayewadhulumu waumini, ondokeni bila kujilaumu. Kuhusu ushirika mtakatifu, ulizeni mapema: Kanisa Katoliki na makanisa ya Kiorthodoksi kwa kawaida hayawapi wasio waumini wao, na kanisa la mke wako huenda likakutaka ubatizwe tena kabla ya kukupokea kuwa mshirika. Hilo litauma. Mwambieni mchungaji waziwazi kwamba linawauma, na mwendelee kuhudhuria ibada wakati mnalizungumza naye.