Maswali yenu: Wodi ya akili wakati wa korona

SWALI: Mimi ni muuguzi wa wodi ya wagonjwa wa akili. Tangu korona iingie Kenya Machi 2020, vifaa vya kujikinga vinapelekwa kwanza kwingine. Sisi twaambiwa hatumo mstari wa mbele. Mgonjwa akichachamaa twamshika watu wanne, pumzi kwa pumzi. Nyumbani silali, na siku hizi wagonjwa wananikera tu. Wiki jana tuliitwa kikao, kila mtu aeleze yaliyomuumiza. Nilitoka vibaya zaidi. Ndiyo naanza kuugua?
Muuguzi, Mombasa

JIBU: Pole kwa kazi. Kikao hicho hakikuwa na budi kukuchosha: ulibeba yako, ukaongezewa ya wenzako. Shirika la Afya Duniani halishauri kuwasimulisha watu kwa mkupuo ili kuzuia athari za mshtuko. Linashauri huduma ya kwanza ya kisaikolojia, yaani kuangalia nani ameelemewa, kumsikiliza akitaka mwenyewe kusema, na kumuunganisha na msaada, hata kama msaada ni gari la kumfikisha kwake.

Kukerwa na wagonjwa ni dalili ya uchovu wa kazi, pamoja na kuishiwa nguvu na kuona hufanyi lolote la maana. Shirika hilo linauhesabu kuwa jambo la kazini, si ugonjwa. Kwa hiyo anzeni na kazi yenyewe. Kumfundisha muuguzi kuvuta pumzi taratibu wakati gauni la kujikinga ni moja kwa watu wanne ni mzaha.

Wekeni kisanduku karibu na mlango wa wodi: barakoa, ngao ya uso na glavu za watu watano, wanne wa kushika na mmoja wa kusema na mgonjwa. Kikaguliwe kila makabidhiano ya zamu. Mara nyingi vifaa vipo, ila vimefungiwa stoo na ufunguo umeondoka na msimamizi saa kumi na moja jioni. Msemaji asimame mita mbili nyuma, jina lake limeandikwa kifuani kwa herufi kubwa. Mgonjwa mwenye shuku akiona macho tu juu ya barakoa huona adui. Akianza kusemeshwa mapema, pengine hamtamshika kabisa.

Lipo na jingine linalowanyima wauguzi usingizi: homa kwa mgonjwa anayetumia klozapini, dawa ya maradhi mazito ya akili. Msiandike "korona" mkaishia hapo. Dawa hiyo inaweza kushusha chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na maambukizi, basi hesabu kamili ya damu ichukuliwe siku hiyo hiyo pamoja na kipimo cha korona. Maambukizi nayo hupandisha kiwango cha dawa mwilini. Akisinzia kupita kawaida, daktari aitwe. Bandikeni utaratibu huu ukutani, usibaki kichwani mwa mtu mmoja.

Kuhusu usingizi: acha chai na kahawa saa sita kabla ya kulala, na simu ilale chumba kingine. Diazepamu, dawa ya kutuliza, ya kabati la wodi usiiguse. Mwili huizoea upesi, nawe ndiye mwenye ufunguo.

Ukikosa usingizi au furaha karibu kila siku kwa wiki mbili, ukirudiwa na picha za tukio, au ukinywa pombe ili ulale, muone daktari, ikiwezekana wa kituo kingine ili faili lako lisisomwe na wenzako. Mawazo ya kujiua hayangoji wiki mbili; nenda siku hiyo hiyo.

SWALI: Natoa ushauri nasaha kwa simu kutoka nyumbani, watu sita mfululizo. Mbona nachoka kuliko nilipokuwa ofisini?
Mshauri, Nakuru

JIBU: Kwa sababu sikio linafanya kazi ya macho pia, na mteja akinyamaza hujui analia au mtandao umekatika. Acha dakika 15 kati ya simu na simu, uinuke, utoke nje. Usipokelee kitandani unapolala. Kila simu ianze kwa kuuliza mteja yuko wapi na namba ya jamaa wa karibu, kwa sababu laini ikikatika mtu akizungumzia kujiua, bila namba hiyo utakesha na wasiwasi. Muda wa maongezi alipe mwajiri.