Mpokeaji nyota akibaki chuoni, mashambulizi yanabadilika wapi hasa?

SWALI: Mimi ni Mtanzania, naishi Texas. Mpwa wangu anasoma chuo kikuu hapa na ndiye aliyenivuta kwenye futiboli ya Marekani. Msimu uliopita mashambulizi ya timu yao yalidorora, na mpokeaji wao nyota, yaani mdakaji wa pasi, alikaa nje nusu ya msimu kwa jeraha. Sasa chuo kizima kinashangilia kwamba ameamua kubaki mwaka mmoja zaidi badala ya kwenda NFL, ligi ya kulipwa. Mimi ni mtu wa soka. Nikipiga hesabu, mpokeaji anadaka mpira mara sita au saba katika mechi ambayo timu inashambulia mara sitini na zaidi. Huyo mtu mmoja atabadilisha nini? Na nitajuaje kwamba kweli amebadilisha?

JIBU: Kaka, hesabu yako ni sahihi, ila umehesabu mpira. Hesabu mabeki. Katika kila jaribio, yaani kila moja ya hayo mashambulizi sitini, kabla mpira haujaanza, tazama ni wangapi wanamwangalia yeye, na ni nani wa upande wake ameachwa peke yake kwa sababu hiyo. Mimi kazi yangu ni kuchambua video za mechi, na nikipewa mpokeaji nyota wa kuchambua, huanza na yale majaribio hamsini na ushei ambayo mpira haukwenda kwake. Huko ndiko thamani yake ilikojificha.

Kwenye soka umeliona hili mara nyingi. Winga akiwa moto, beki wa pembeni anaomba msaada, kiungo mkabaji anavutwa kwenda huko, katikati panabaki wazi na bao linafungwa na mtu mwingine kabisa. Tofauti ni kwamba katika futiboli mchezo husimama baada ya kila jaribio na watu hujipanga upya. Kwa hiyo kocha anauona ule uwazi kabla haujatumika, na anachagua silaha kulingana nao.

Tuchukue hali ya kawaida. Timu ya mpwa wako inajipanga na watu watano wa safu ya mbele, pamoja na mmoja wa kuwaongezea nguvu. Hao ni wazuiaji sita. Ulinzi ukisogeza watu saba karibu na mpira, mmoja wao hana wa kumzuia, na huyo ndiye atakayemwangusha mbebaji mpira, yule anayekimbia nao mkononi, baada ya yadi mbili. Mara nyingi mtu huyo wa saba ni beki wa nyuma aliyeshushwa mbele. Kocha wa ulinzi huthubutu kumshusha pale tu anapoamini kwamba beki wake wa pembeni anaweza kumkaba mpokeaji bila msaada. Kwa mpokeaji wa kawaida, anamshusha na analala usingizi. Kwa nyota, beki wa nyuma anarudishwa yadi kumi na kitu kutoka mstari ambapo mpira unaanzia, mwili umeelekea upande wa nyota. Sasa ni sita kwa sita. Mbebaji mpira anapata yadi tano, watangazaji wanamsifu yeye na safu ya mbele, na nyota hakugusa chochote.

Mfano ninaopenda kuutumia ni mpokeaji DeVonta Smith wa Chuo Kikuu cha Alabama. Mwaka 2019 alikuwa na yadi 1,256 na tachidauni 14 (kufikisha mpira eneo la mwisho, bao la futiboli), na angeweza kuondoka. Wenzake Henry Ruggs na Jerry Jeudy waliondoka, wakachaguliwa raundi ya kwanza timu za NFL zilipogawana wachezaji wa vyuo, nambari 12 na nambari 15. Kwotabeki, yaani mrusha pasi, Tua Tagovailoa naye aliondoka, nambari 5. Smith akabaki. Msimu wa 2020 alidaka mara 117, yadi 1,856, tachidauni 23, na akawa mpokeaji wa kwanza kutwaa Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, tangu Desmond Howard mwaka 1991. Alabama ilishinda mechi zote 13 na ubingwa wa taifa.

Namba hizo ni za kutisha, lakini hebu tazama nyingine isiyosemwa sana. Wastani wa pointi za Alabama ulikuwa 47.2 kwa mechi mwaka 2019, na 48.5 mwaka 2020. Umepanda kidogo tu. Mtu asiyejua atasema basi Smith hakuongeza kitu. Kumbe timu ilikuwa imepoteza kwotabeki na wapokeaji wawili wa raundi ya kwanza. Tena, kwa sababu ya UVIKO, mechi zote kumi za msimu wa kawaida zilikuwa dhidi ya wapinzani wa kanda yao ya SEC, bila zile mechi laini za kujipasha moto. Ilitakiwa ishuke. Kwa hiyo ukipima kurejea kwa nyota, usilinganishe tu na mwaka jana. Jiulize timu ingekuwa wapi bila yeye.

Kisha msikilize Najee Harris, mbebaji mpira wao, kwa lugha ya takwimu. Mwaka 2019 alikimbia yadi 1,224 na tachidauni 13. Mwaka 2020 yadi 1,466 na tachidauni 26, mara mbili kamili. Siwezi kumpa Smith sifa yote hiyo, maana safu ya mbele ya mwaka ule ilikuwa bora nchini na ilipewa tuzo ya Joe Moore. Lakini karibu na mstari wa lango, ulinzi unapolazimika kuwaacha watu wawili pembeni kwa ajili ya mtu mmoja mwenye uzito wa takriban kilo 77, mbebaji wa kilo 104 anapita katikati kwa raha zake.

Sasa tufike kwenye sehemu ambayo washabiki wengi huiruka, nayo kwangu ndiyo nzito zaidi: nyota asipohamishwa, ni nusu ya nyota. Akisimama mahali pamoja kila jaribio, kushoto kabisa, ulinzi utazoea. Watamwekea beki wao bora wa kumbana mstarini na mwingine juu yake, na hadithi inaishia hapo. Kocha wa mashambulizi wa Alabama, Steve Sarkisian, hakumpa mtu nafasi hiyo. Smith alianzia kushoto, kulia, ndani karibu na safu ya mbele, na mara nyingi alikuwa mwendoni kabla mpira haujaanza. Mtu akihama hivyo, ulinzi unalazimika kujibu papo hapo. Beki akimfuata hadi upande wa pili, kwotabeki anajua kwamba wanakaba mtu kwa mtu. Wakibadilishana tu majukumu, anajua wanalinda maeneo. Ameoneshwa karatasi ya majibu kabla ya mtihani kuanza.

Fainali ya Januari 2021 dhidi ya Ohio State ilikuwa darasa la hili. Smith alidaka mara 12, yadi 215, tachidauni 3, yote katika nusu ya kwanza. Ile ya tatu, ya yadi 42, aliyeangukiwa na jukumu la kumkaba alikuwa Tuf Borland, lainbeka, yaani mmoja wa wale mabeki wa kati wenye miili mikubwa ambao kazi yao ya kwanza ni kuwaangusha wabebaji mpira. Hakuna kocha duniani anayepanga lainbeka amkimbize mshindi wa Heisman. Mpangilio wa Alabama ndio uliolazimisha. Ilipofika mapumziko ilikuwa 35 kwa 17, na mwisho 52 kwa 24.

Futiboli ya vyuo ina mambo yake yanayomfaa mtu wa namna hii kuliko NFL. Uwanja una upana wa futi 160 kote kuwili. Ila ile mistari mifupi ambayo mpira huwekwa kati yake, vyuoni imeachana futi 40, wakati NFL ni futi 18 na nusu tu. Kwa hiyo chuoni mpira ukiwekwa kwenye mstari wa kushoto, upande mmoja unabaki na yadi 20 na mwingine yadi 33. Kocha mjanja anaweka wapokeaji watatu upande mpana na nyota peke yake upande mwembamba. Ulinzi ukipeleka mtu wa pili kwa nyota, umewaacha wale watatu na yadi 33 za kutamba. Usipompeleka, kijana wa miaka kumi na tisa anabaki ana kwa ana na mtu anayesubiriwa NFL. Zaidi ya hapo, chuoni mguu mmoja ndani ya mstari unatosha pasi kuhesabiwa, NFL wanataka miwili. Mpokeaji mwenye mikono mizuri pale ukingoni anakuwa na eneo kubwa zaidi la kufanyia kazi.

Kuna pia lile jaribio ambalo kwotabeki huamua mpira ukiwa umeshaanza: ampe mbebaji, au auvute na kurusha pasi fupi. Sheria za vyuo zinawaruhusu watu wa safu ya mbele kusogea hadi yadi 3 mbele wakati pasi inarushwa, NFL ni yadi 1 tu. Safu ya mbele inaonekana kabisa kama inazuia kwa ajili ya mbio, lainbeka anaingia mkenge, na pale alipotoka ndipo nyota anapodakia. Baada ya kuchapwa hivyo mara mbili, lainbeka anaanza kusita, na kusita kwake ndiko kunakompa mbebaji nafasi.

Kwa kwotabeki faida ni ya akili. Mac Jones, aliyerithi nafasi ya Tagovailoa, hakuwa jina kubwa kabla ya 2020. Alimaliza na yadi 4,500, tachidauni 41, na pasi 4 tu zilizonaswa kati ya 402. Zaidi ya theluthi ya pasi zake zilizofika zilikwenda kwa Smith. Jaribio la tatu kati ya manne ya kupata yadi kumi, yadi 7 zinahitajika, kelele za mashabiki, safu ya mbele inaanza kupasuka: kwotabeki mwenye mtu anayemwamini anarusha kabla mpokeaji hajageuka, kwa sababu anajua atageukia wapi. Uelewano huo hujengwa mazoezini wakati wa majira ya kuchipua na kiangazi. Ndiyo maana mchezaji aliyebaki ana kitu ambacho aliyehamia kutoka chuo kingine hana bado.

Sasa nikupe na upande wa pili, usije ukaniambia nimekuuzia ndoto. Marquise Lee wa chuo cha USC mwaka 2012 alidaka mara 118, yadi 1,721, tachidauni 14, akatwaa tuzo ya Biletnikoff ya mpokeaji bora. Mwaka 2013 alirudi, tena kwa kuwa sheria ya NFL ya kusubiri miaka mitatu baada ya sekondari ilikuwa bado inamfunga. Lakini kwotabeki Matt Barkley alikuwa ameondoka, mpokeaji mwenzake Robert Woods pia, kocha Lane Kiffin akafukuzwa katikati ya msimu, na Lee mwenyewe akaumia goti. Akaishia na yadi 791 na tachidauni 4. Mtu ni yuleyule. Waliomzunguka ndio waliobadilika, na mwili ukamwangusha.

Kwa hiyo kuhusu timu ya mpwa wako ningeuliza mambo mawili kabla ya kushangilia. La kwanza ni hilo jeraha. Kama ni la goti au msuli wa paja, mechi mbili tatu za mwanzo tazama anavyofunga breki, siyo anavyokimbia. Mpokeaji huachana na beki wake anaposimama ghafla na kugeuka, na mguu usioaminika hujionesha hapo. La pili ni nani mwingine yupo. Mpokeaji mwenzake Smith, Jaylen Waddle, alipovunjika kifundo cha mguu kwenye mechi ya Tennessee, Oktoba 2020, wengi walidhani Smith sasa atazingirwa. Wiki iliyofuata alidaka tachidauni 4 dhidi ya Mississippi State. Lakini yeye ni wa aina yake, na aliachiwa safu ya mbele bora na mbebaji bora. Timu ya kawaida ikiwa na nyota mmoja bila mpokeaji wa pili wa kuheshimika, mabeki watamlundikia tu.

Ukienda uwanjani, usikae karibu na mstari wa yadi 50, katikati ya uwanja. Panda juu nyuma ya lango, uone mpangilio wote kwa urefu. Kabla ya kila jaribio tafuta mabeki wawili wa nyuma. Mmoja akielemea kwa nyota, tazama upande wa pili, mpira utakwenda huko au katikati. Andika kwenye simu yako yadi zilizopatikana kwa mbio kwenye jaribio la kwanza, nyota akiwa uwanjani na akiwa benchi anapumzika. Fanya hivyo mechi tatu au nne, maana mechi moja ni chache mno. Tofauti ikiwa yadi moja na nusu au zaidi, anastahili shangwe hata kama siku hiyo amedaka mara tatu tu. Tofauti isipokuwepo, na kila jaribio unamkuta amesimama palepale kushoto, basi lawama mpelekee kocha wa mashambulizi.