Re: Mama wa Newala na PIN ya simu

Ndugu, umeuliza ufanyeje maana mama anampa kila kijana PIN yake ya pesa za simu ili amtolee hela ya korosho. Usimfundishe menyu yote siku moja. Anza na kuangalia salio tu, abonyeze yeye mwenyewe. Ukishika simu wewe, atakumbuka mkono wako, si hatua. Rudieni baada ya siku mbili, kisha wiki. Salio likikaa kichwani ndipo atume shilingi 1,000 kwako, asome jina la mpokeaji kwa sauti kabla ya kuweka PIN.

Menyu ya kitochi, simu ndogo ya batani, hujifunga mtu akichelewa kubonyeza. Mwambie mapema, la sivyo ataona kaharibu simu na hataigusa tena. Hapo ndipo wengi hukata tamaa.

PIN ibadilishwe leo, isiwe mwaka wa kuzaliwa. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake cha NIDA. Usiyoitambua, nendeni dukani kwa mtandao husika ifutwe. SMS za matapeli za “ile hela tuma kwenye namba hii” zipelekwe 15040, namba ya kuripoti utapeli. Yafanyeni haya kabla ya Oktoba, minada ya korosho ikianza hakuna mwenye subira.