Fundi wa Sauti Anajibu: Vibati vya Nyuma ya Spika

SWALI: Shikamoo fundi. Spika zangu zina terminali nne nne kwa nyuma, mbili juu na mbili chini, zimeunganishwa kwa vibati vya rangi ya dhahabu. Amplifaya yangu ina njia moja tu kwa kila spika. Rafiki yangu anasema vibati hivyo vinaua sauti ya twita (kispika kidogo cha sauti nyembamba), nivitupe ninunue jampa za fedha, yaani vipande vya waya wa madini ya fedha vya kuunganishia terminali. Ni kweli? Na kama naweza kutengeneza mwenyewe, nitumie waya gani?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usivitupe. Vitie kwenye bahasha uvihifadhi, kwa sababu siku ukiziuza hizo spika mnunuzi ataviulizia.

Terminali za juu ni za twita, za chini ni za wufa, ile kubwa ya besi. Ndani ya kasha krosova, yaani saketi inayogawa sauti kati ya twita na wufa, imegawanywa mara mbili, na vibati ndivyo vinavyoyaunganisha mafungu hayo. Ukivitoa bila kuweka kitu mahali pake, nusu ya spika inanyamaza.

Sasa hiyo fedha. Waya wa kopa wa milimita 2.5 za mraba una ukinzani wa takriban omu 0.007 kwa kila mita. Jampa mbili za sentimita 15, nyekundu na nyeusi, jumla yake ni sentimita 30, yaani omu 0.002. Waya unaotoka kwenye amplifaya, ukiwa wa mita 3, kwenda na kurudi ni mita 6, na hapo tayari una omu 0.04: mara 20 ya jampa. Fedha huishinda kopa kwa asilimia 6 hivi. Asilimia 6 ya kitu kidogo namna hiyo, mbele ya spika ya omu 8, mimi sijawahi kuisikia, na nimekaa mbele ya spika miaka mingi. Hata shaba njano ya vibati, ambayo hupitisha umeme kwa karibu robo tu ya kopa, inajifidia kwa unene wake.

Ila rafiki yako hakukosea kabisa. Ubaya wa vibati uko kwenye mshiko. Niliwahi kuletewa spika ambayo twita yake ilikuwa inakatika, inarudi, inakatika tena. Niliifungua, nikaitoa twita, nikaipima: nzima. Nikapima krosova: nzima. Saa nzima ilikwisha kabla sijagusa nati ya nyuma, nayo ikazunguka kwa ncha ya kidole. Mtikisiko wa besi ulikuwa umeilegeza kidogo kidogo, na chini ya kibati kulikuwa na weusi wa kutu. Tangu siku hiyo mkono wangu unaanzia nyuma ya spika, na bisibisi inafuata baadaye. Hali huwa mbaya zaidi pale waya wa amplifaya unapobanwa pamoja na kibati chini ya nati moja, maana hapo kimoja kinashikwa na kingine kinaelea.

Kwa hiyo tengeneza jampa zako, na utumie kipande kilichobaki cha waya uleule wa spika ulio nao. Kata vipande vinne, viwili kwa kila spika, virefu kidogo kuliko nafasi kati ya terminali ili vipinde bila kuvutana. Sentimita 12 hadi 15 kwa kawaida zinatosha. Menya milimita 10 hivi kila ncha, usokote nyuzi zikae pamoja, kisha uzipenyeze kwenye tundu la ubavuni mwa terminali na ukaze nati kwa mkono. Waya wa amplifaya uufunge plagi ya banana uingie kwa nyuma. Hivyo kila kimoja kinapata mahali pake, na kwangu hiyo ndiyo faida kubwa kuliko madini yoyote utakayonunua.

Usizipake ncha lehemu ukidhani unazisaidia. Lehemu ni laini, ikibanwa inasinyaa taratibu na nati inalegea tena. Zima amplifaya kabla ya kuanza. Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi: ukizipishanisha zote mbili, twita itasukuma wakati wufa inavuta, na sauti za waimbaji zitapwaya pale twita na wufa zinapopokezana. Mwisho kabisa chukua tochi uangalie kama kuna unyuzi uliochomoza. Unyuzi mmoja ukigusa terminali ya pili ni shoti, na inayoumia ni amplifaya.

SWALI: Fundi, nimeongeza amplifaya ya pili, moja iendeshe twita na nyingine wufa. Naweza kuviacha vibati?

JIBU: Hapana, ndugu yangu, tafadhali usiwashe! Ukiviacha, umeunganisha matokeo ya amplifaya mbili, na kila moja itasukuma umeme ndani ya mwenzake hadi transista ziungue. Toa vibati vyote vinne, kisha, kabla ya kufunga waya wowote, weka mita, ikiwa kwenye kipimo cha mlio, kwenye nyekundu ya juu na nyekundu ya chini. Ikilia, bado kuna kitu kinaziunganisha, kitafute kwanza.