Watoto Wachange, Lakini Waambiwe Hesabu Nzima

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii lauliza iwapo ni vyema watoto wa shule wahimizwe kuchangisha fedha za kuwasaidia wenzao wa nchi za mbali. Nadhani wengi watakaojibu wataandika kwa upande wa watoaji. Mimi nilifundisha shule ya msingi kwa miaka mingi katika tambarare za Wilaya ya Same, nikawa mweka hazina wa mradi wa maji ambao fedha zake zilichangwa na wanafunzi wa shule moja ya Ujerumani. Kwa hiyo naomba nijibu kwa upande wa wapokeaji. Jibu langu ni ndiyo, wachange, ila mtoto anayechanga aambiwe hesabu nzima ya kile anachokichangia, kwa kuwa madhara niliyoyaona yalitokana na sisi watu wazima kumficha nusu ya hesabu hiyo.

Wenzetu wale walichanga kwa kukimbia. Kila mtoto alitafuta wadhamini wake, awe babu, shangazi, jirani au mwenye duka la mikate, nao wakaahidi kumlipa kiasi fulani kwa kila mzunguko atakaoumaliza uwanjani. Mbio zilipokwisha, mizunguko ilihesabiwa na kila mdhamini akatoa alichoahidi. Sioni ubaya wowote katika jambo hilo. Sisi wenyewe, tangu siasa ya Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa mwaka 1967, tumeshika majembe katika mashamba ya shule tukijua kwamba jasho la mtoto nalo lina thamani, mradi aelewe linakwenda wapi.

Kwa fedha zile tulinunua tanki la lita 10,000 na kufunga gata kwenye paa la madarasa mawili, na mvua za vuli ziliponyesha tanki likajaa. Siku ile watoto walipanga foleni na vikombe vyao, hata wale ambao hawakuwa na kiu.

Makosa yalianza siku ya picha. Mgeni aliyetumwa kupiga picha za kuwapelekea wachangaji alipita kwenye mstari akiwachagua waliovaa sare zilizochakaa, akawaweka mbele. Mmoja wao alikuwa msichana wa darasa la tano ambaye sweta lake lilikuwa limetoboka kiwikoni. Picha hiyo ninayo hadi leo: wenzake wanaitazama kamera, yeye ameinamisha macho, na kiganja chake kimefunika kiwiko. Siku mbili zilizofuata hakuja shuleni, na mama yake alipokuja kuniona hakuuliza habari za maji. Aliuliza kwa nini mwanawe alichaguliwa. Sikuwa na jibu, maana nilikuwa nimesimama pale pale nikanyamaza, nikihofia kumuudhi mgeni aliyekuja kwa jina la wafadhili.

Mwaka uliofuata koki ikaharibika. Hakuna aliyekuwa ametenga hata shilingi moja ya matengenezo, kwa sababu kila mtu, huko na huku, alihesabu gharama ya kujenga tu. Michango ya lazima ilikuwa imefutwa mwaka 2016, kwa hiyo tuliwaomba wazazi watoe kwa hiari, na wengi walijibu kwamba tanki ni mali ya wafadhili, wao ndio watakaokuja kulitengeneza. Maji yakavuja mpaka tanki likabaki tupu kabla ya kiangazi. Haya si ya shule yetu peke yake: makadirio yaliyotolewa mwaka 2009 kuhusu nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara yalionyesha kwamba takriban theluthi moja ya pampu za mkono zilikuwa hazifanyi kazi.

Aliyetuokoa ni mtoto. Katika barua za darasa lile la Ujerumani, mwanafunzi mmoja aliuliza: tanki likijaa, maji hukaa siku ngapi? Mwalimu mwenzangu alitaka tujibu kwa shukrani za jumla tu, kama tulivyozoea. Mimi niliipeleka barua ile darasani wakati wa somo la Hisabati. Shule ilikuwa na wanafunzi 612, kwa kuwa tangu michango ifutwe watoto walikuwa wameongezeka na mabomba hayakuongezeka. Watoto wakagawa lita 10,000 kwa 612, wakapata lita 16 na kidogo kwa kila mmoja. Wakakubaliana kwamba mtu anahitaji walau lita moja ya kunywa na moja ya kunawa kwa siku. Siku nane. Tuliandika hesabu yote kama ilivyo, pamoja na habari za koki.

Nilitarajia kwamba wachangaji watavunjika moyo, na hapo ndipo nilipokosea kabisa kuhusu watoto. Ningekumbuka habari za Ryan Hreljac wa Canada, ambaye akiwa na umri wa miaka sita mwaka 1998 alifanya kazi za nyumbani hadi akapata dola 70, akiamini zinatosha kuchimba kisima. Aliambiwa ukweli kwamba fedha hizo zinatosha pampu tu, na kisima kizima kinahitaji dola 2,000. Hakulia wala hakuacha. Alisema atafanya kazi zaidi, na mwaka 1999 kisima kilichimbwa katika Shule ya Msingi Angolo, kaskazini mwa Uganda.

Norway wamelipanga jambo hili vizuri kuliko mahali pengine ninapopafahamu. Tangu mwaka 1964 wanafunzi huko huwa na siku moja ya mwaka ambayo huacha masomo, hufanya kazi ya ujira, na ujira huo huenda kwenye miradi ya elimu ya vijana wa nchi nyingine. Mradi huchaguliwa kwa kura na wanafunzi wenyewe kupitia wawakilishi wao, na kabla ya siku ya kazi husoma habari za nchi husika, siasa yake na sababu za umaskini wake. Anayefundishwa hivyo hatahitaji kuonyeshwa sweta lililotoboka ndipo atoe.

Wapo watakaosema kwamba kuzipatia shule maji ni wajibu wa serikali. Ni kweli, nami nilisema hivyo katika kila kikao nilichohudhuria, na ningali nasema. Lakini mtoto wa darasa la kwanza ana kiu leo, na mtoto mwenzake aliyekimbia mizunguko 20 kwa ajili yake hajaiondolea serikali wajibu wowote.

Kwetu, jibu la barua ile lilikuja baada ya miezi miwili. Wale watoto walikuwa wameamua kwamba nusu ya fedha za mbio zinazofuata isinunue kitu kipya chochote, iwe akiba ya matengenezo chini ya kamati ya shule, nasi wazazi wetu tukawaomba wajazie kidogo, wakajazia. Hawakuomba picha. Waliuliza jina la fundi anayetengeneza koki na spana yake ni ya ukubwa gani, na darasa la tano wakamchora fundi akiwa amepiga magoti chini ya tanki. Mchoro uliotumwa ni wa yule msichana.