Jibu: Kusimamia mafundi waliokuzidi umri

Ndugu yangu, umeuliza ufanyeje na mafundi 9 unaowasimamia kwenye ujenzi wa nyumba huko Likoni, ng'ambo ya feri Mombasa; wengi wao wamekuzidi umri na kazi iko nyuma wiki 2.

Kabla ya kumlaumu mtu, tazama mpangilio. Andika kila kazi na kazi inayoitangulia. Fundi wa umeme lazima alaze paipu zake kabla slabu (sakafu ya zege) haijamwagwa, na slabu nayo inataka kumwagiliwa maji angalau siku 7. Mnyororo mrefu kuliko yote wa kazi zinazongojana hivyo ndio unaoamua tarehe ya kumaliza. Wahandisi wanaupigia hesabu hivyo tangu miaka ya 1950. Kazi iliyo ndani yake ikichelewa siku moja, nyumba nzima inachelewa siku moja. Rangi ya geti haimo, kwa hiyo usigombane na mtu kwa ajili yake.

Vifaa vivushe kwa feri siku moja kabla ya kuhitajika. Mimi niliwahi kuagiza kokoto asubuhi ileile, vibarua 6 wakashinda kivulini hadi alasiri, na haki yao nikawalipa. Iliniuma sana.

Kwa wazee, shauriana nao. Kila asubuhi simameni dakika 10, umuulize fundi mkuu: "Mzee wangu, leo tufike wapi, na nini kitatukwamisha?" Akitaja mwenyewe, ahadi ni yake. Akikosea, mwite pembeni, kamwe si mbele ya vibarua. Na malipo ya Jumamosi, tafadhali, yasichelewe hata saa moja.