Maswali yenu: amiba, Fansidar na malale

Dokta, kidonge cha Flagyl kinajuaje kuua amiba, kimelea cha tumboni, na kuniacha mimi? (Mama wa Kadutu)

Hakijui, mama. Kinaingia mwilini kikiwa kimelala. Amiba huishi bila oksijeni, na vimeng'enya vyake, yaani protini zinazofanya kazi za seli, ndivyo vinavyokiamsha kidonge. Kikishaamka kinakatakata DNA ya amiba, maandishi yake ya urithi. Seli zako zinatumia oksijeni, haziwezi kukiamsha hivyo. Maliza siku zote ulizoandikiwa, hata tumbo likitulia mapema.

Na bia je? (Kijana wa Essence)

Hapana. Subiri siku 3 baada ya kidonge cha mwisho.

Niko na mimba ya miezi mitano. Kwenye CPN (kliniki ya wajawazito) wamenipa Fansidar, jirani anasema haiponyeshi tena malaria. (Dada wa Bagira)

Kwa mgonjwa mwenye homa, jirani amesema kweli: kimelea kimebadilisha vimeng'enya ambavyo dawa hiyo huvikamata. Kwa kinga ya mimba bado inasaidia, dozi zikipishana angalau mwezi mmoja. Kimelea kikitaka kuzaana lazima kinakili DNA yake, na kazi hiyo inadai folati, aina ya vitamini. Sisi tunaila kwenye chakula, chenyewe hujipikia. Fansidar inafunga jiko hilo mara mbili. Kwa hiyo, dada, soma pakiti ya asidi foliki (folati ya vidonge) uliyopewa, maana hapa ndipo wengi wanapoteleza: miligramu 0.4 kwa siku ni salama, ila miligramu 5 inakilisha kimelea na kuipunguzia Fansidar nguvu. Sombe na lengalenga, kula bila woga.

Mjomba alitibiwa malale (ugonjwa wa usingizi) zamani kule Bandundu. Anasema sindano ilichoma kama moto. (Mwanafunzi, Nyawera)

Mpe pole. Kama ni melarsoproli, ile ina aseniki, ambayo ni sumu, na iliua wagonjwa kama 5 katika kila 100. Tangu 2018 tuna dawa ya malale iitwayo feksinidazoli, vidonge vya siku 10. Majaribio yake yaliongozwa na Mkongomani, Daktari Victor Kande, jambo ninalojivunia sana.

Watafiti wanatazama pia DNA ya mitokondria (kiwanda cha nishati cha seli) ya kimelea cha malale: maelfu ya pete ndogo zilizoshikana kama wavu wa cheni. Kabla hakijagawanyika, kimeng'enya topoisomerasi hukata pete, huichomoa, kisha huiunga tena, moja baada ya nyingine. Kikizuiwa, wavu unakwama na kimelea kinakufa. Shida ni kwamba nasi tuna topoisomerasi zetu, kwa hiyo inatafutwa dawa itakayoshika ya kimelea peke yake.